Magavana wa Illinois: Kalamu ya Msamaha na Mlango wa Gereza



Mpendwa msomaji, tangu Mei 8, 2025, siku Kanisa lilipompata Papa Leo wa XIV, wengi wetu tumezoea kulisikia jina la Illinois. Baba Mtakatifu alizaliwa Septemba 14, 1955 katika mji wa Chicago, ambao ni mkubwa kuliko miji yote ya jimbo hilo la Marekani. Katika makala haya naomba nieleze jambo lisilotajwa sana tunapolisifia jimbo hilo kwa kututolea Papa, yaani historia ya magavana wake. Ni historia ya miaka mia mbili na kidogo tu. Lakini ndani yake kuna fumbo ambalo sisi tunaosoma falsafa tunalishindwa kulimeza kirahisi: mmoja wa watu waliookoa maisha ya wafungwa wengi kuliko gavana yeyote kabla yake alikuja kufungwa mwenyewe, kwa rushwa.

Tuweke maneno sawa kwanza, maana "jimbo" linatuchanganya. Kanisani, jimbo ni eneo la Askofu. Kwa Mtanzania anayefuatilia uchaguzi, ni eneo la mbunge. Kwa Marekani, jimbo ni kama dola ndogo ndani ya dola kubwa, lenye katiba yake, Bunge lake la mabaraza mawili, mahakama zake na magereza yake. Na "gavana" vilevile: Mtanzania husikia Gavana wa Benki Kuu, Mkenya tangu mwaka 2013 husikia gavana wa kaunti. Gavana wa Illinois ana uzito kuwashinda hao wote wawili. Huchaguliwa na wananchi kwa miaka minne, hana ukomo wa vipindi, anaweza kukataa kutia saini muswada wa sheria, na (hili ndilo la kushika) anaweza kumsamehe au kumpunguzia adhabu mtu aliyetiwa hatiani kwa sheria za jimbo. Ipo bodi inayosikiliza maombi na kumshauri, ila hafungwi na ushauri huo.

Kwa Tanzania mamlaka ya kusamehe yako kwa Rais, Ibara ya 45 ya Katiba, ndiyo maana Sikukuu ya Muungano au ya Uhuru tunasikia wafungwa kadhaa wametolewa. Marekani, Rais husamehe makosa ya sheria za shirikisho tu. Mtu aliyehukumiwa kifo na mahakama ya Illinois, hata Rais wa Marekani hana la kumfanyia. Kalamu iko mezani kwa gavana.

Illinois iliingia katika Muungano wa Marekani Desemba 3, 1818, ikiwa jimbo la 21. Gavana wa kwanza alikuwa Shadrach Bond, tumpite. Wa pili, Edward Coles, anastahili kusimamiwa kidogo. Huyu alikuwa kijana wa familia tajiri ya Virginia, aliyewahi kuwa katibu wa Rais James Madison, naye alirithi watumwa kutoka kwa baba yake. Mwaka 1819, akihamia Illinois nao kwa mashua katika mto Ohio, aliwakusanya akawatangazia kwamba tangu saa ile wao ni watu huru. Walipofika aliwapa wakuu wa familia ekari 160 za ardhi kila mmoja.

Kisheria Illinois haikuwa nchi ya watumwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1787 ilikwisha kupiga marufuku utumwa katika eneo lile. Lakini sheria ni kitu kimoja na maisha ni kitu kingine. Watumwa wa walowezi wa zamani wa Kifaransa walibaki watumwa, na wengine waliitwa "vibarua wa mkataba", mkataba ambao ungeweza kumfunga mtu mweusi miaka mingi kuliko umri wake uliobaki. Coles alishinda uchaguzi wa 1822 kwa theluthi moja hivi ya kura, kwa sababu tu wapinzani wake waligawana kura zilizosalia. Alipoanza kazi akalitaka Bunge limalize mabaki yote ya utumwa. Bunge likajibu kinyume kabisa: likaitisha kura ya wananchi ya kuandaa mkutano wa kubadili katiba, na kila mtu alijua shabaha yake ni kuuhalalisha utumwa. Kwa miezi kumi na minane Coles alipambana, akitumia mshahara wake mwenyewe kugharimia machapisho. Agosti 1824 kura zikahesabiwa: waliokataa 6,640, waliokubali 4,972.

Tofauti ya kura elfu moja na mia sita na kitu! Ungebadilisha msimamo wa watu mia nane na ushee tu, na jimbo ambalo baadaye lilimlea Abraham Lincoln lingekuwa la watumwa.

Malipo ya Coles yalikuwa kushtakiwa kwamba aliwaachia huru watumwa wake bila kuweka dhamana iliyotakiwa na sheria, akahukumiwa kulipa dola 2,000, ambazo baadaye Bunge lilimfutia. Hakushinda tena uchaguzi wowote. Alihamia Philadelphia, akaishi hadi 1868, akauona utumwa ukikomeshwa nchi nzima. Lakini mwanawe mmoja alikufa vitani mwaka 1862 akipigana upande wa waliotaka kuulinda.

Lincoln mwenyewe hakuwahi kuwa gavana. Alikuwa mbunge wa jimbo, kisha mbunge wa taifa kwa kipindi kimoja, kisha Rais. Naruka miongo kadhaa hapa, nije kwa gavana ambaye kila mfanyakazi wa Afrika Mashariki, bila kujua, humgusa kila mwaka ifikapo Mei Mosi.

Mei 1, 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Mei 4, jioni, katika mkutano wa hadhara mahali paitwapo Haymarket, mtu ambaye hadi leo hajulikani alirusha bomu katikati ya polisi. Polisi walikufa, raia walikufa, na mji ukashikwa na hofu. Wanaume wanane, wengi wao wahamiaji wa Kijerumani, walishtakiwa. Hakuna aliyethibitishwa kuwa ndiye mrushaji. Kosa lao lilikuwa maneno: walikuwa wametoa hotuba na kuandika magazeti yenye ukali. Saba walihukumiwa kifo, mmoja miaka kumi na mitano. Gavana wa wakati huo, Richard Oglesby, aliwabadilishia wawili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Mmoja alijiua seli. Wanne walinyongwa Novemba 11, 1887.

Mwaka 1893 akaingia madarakani John Peter Altgeld, mzaliwa wa Ujerumani aliyeletwa Marekani akiwa mtoto mchanga, akapanda kutoka umaskini hadi kuwa jaji na mtu wa mali. Juni 26 mwaka huo aliwasamehe watatu waliobaki gerezani: Samuel Fielden, Oscar Neebe na Michael Schwab. Kwa ushauri wa rafiki yeyote mwenye hekima ya siasa, angesema tu kwamba wameteseka vya kutosha. Hilo lingepita. Wengi, hata miongoni mwa matajiri wa Chicago, walikuwa tayari kuona wakihurumiwa. Altgeld hakutaka huruma. Aliandika maelezo marefu akionyesha kwamba jopo la raia lililowahukumu lilichaguliwa ili litie hatiani, kwamba jaji alikuwa na upendeleo, na kwamba hakuna ushahidi uliowaunganisha na mrushaji bomu. Kwa maneno mengine, hakuwapa msamaha kama zawadi, aliwarudishia walichonyang'anywa.

Tofauti hiyo kati ya rehema na haki si ya darasani tu. Ukimwambia mtu asiye na kosa "nimekuhurumia", umemtia doa mara ya pili. Altgeld alilijua hilo na alikubali kulilipia. Magazeti yalimchora kama adui wa nchi. Mwaka uliofuata alimpinga Rais Cleveland kwa kupeleka askari wa shirikisho Chicago kuvunja mgomo wa reli bila jimbo kuomba. Mwaka 1896 alishindwa uchaguzi, na alipokufa 1902 utajiri wake ulikuwa umekwisha.

Miaka miwili tu kabla ya msamaha ule, mwaka 1891, Papa Leo wa XIII alikuwa ametoa waraka wa *Rerum Novarum* juu ya hali ya wafanyakazi, akitetea ujira wa haki na haki ya kuunda vyama. Na Papa wetu wa sasa, mtoto wa Chicago, amesema wazi kwamba jina la Leo amelichagua hasa kwa sababu ya Papa huyo na waraka huo. Mwaka 1955, mwaka aliozaliwa, Papa Pius wa XII aliiweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Sisemi kwamba mambo haya yamepangwa katika mstari mmoja. Ila anayesali Misa ya Mtakatifu Yosefu asubuhi na kwenda kwenye maandamano ya Mei Mosi mchana, anafaa kujua kwamba siku hiyo ina majina ya watu ndani yake, na kaburi, na saini ya gavana.

Karne ya ishirini nitaisimulia kwa haraka, maana sehemu kubwa yake ni kesi. Len Small, gavana miaka ya 1920, alishtakiwa kwa fedha za umma akaachiwa, kisha baadhi ya waliokuwa kwenye jopo lililomwachia wakapata kazi serikalini. Adlai Stevenson aliheshimika, akagombea urais 1952 na 1956, akashindwa na Eisenhower mara zote mbili. Otto Kerner aliongoza tume ya taifa iliyochunguza ghasia za 1967, na ripoti yake ilisema kwa ujasiri kwamba Marekani inagawanyika kuwa jamii mbili, ya weusi na ya weupe, zisizo sawa. Mwaka 1973 Kerner huyohuyo, akiwa sasa jaji wa mahakama ya rufani, alitiwa hatiani kwa hongo ya hisa za kampuni za mbio za farasi akafungwa. Mwendesha mashtaka wake, James Thompson, alitumia umaarufu wa kesi ile kuupata ugavana, akakaa miaka kumi na minne, muda mrefu kuliko gavana yeyote wa Illinois. Dan Walker, aliyepata kura kwa kutembea kwa miguu jimbo zima, alifungwa baada ya kutoka madarakani kwa udanganyifu wa mikopo ya benki.

Hesabu yake ni hii: kati ya watu wanane walioshika ugavana kuanzia 1961 hadi mwanzoni mwa 2009, wanne walienda gerezani. Nusu nzima. Wa nne ni Rod Blagojevich, aliyekamatwa Desemba 2008 kwa kutaka kukinadi kiti cha useneta kilichoachwa wazi na Barack Obama, ambaye baba yake, kama tunavyojua, alitoka Kenya. Seneti ya jimbo ilimwondoa Januari 29, 2009 kwa kura 59 dhidi ya sifuri. Alihukumiwa miaka 14 na mahakama ya shirikisho. Kwa kuwa kosa lilikuwa la shirikisho, Rais Trump aliweza kumpunguzia kifungo 2020 na kumsamehe kabisa 2025.

Wa tatu nilimwacha kwa makusudi. George Ryan alikuwa mfamasia wa mji wa Kankakee. Mwaka 1977, akiwa mbunge, alipiga kura ya ndiyo hukumu ya kifo iliporudishwa Illinois. Alipoapishwa kuwa gavana Januari 1999, hakuna aliyemtegemea kwa lolote katika suala hilo. Lakini majuma machache baadaye akatolewa gerezani Anthony Porter, mtu mwenye akili ndogo ambaye miezi michache nyuma alibakiza kama siku mbili auawe, akapata nafuu kwa sababu tu mawakili walidai hana uwezo wa kuelewa adhabu yake. Wanafunzi wa uandishi wa habari na mwalimu wao ndio walioichimbua kesi yake upya. (Kesi hiyo baadaye iligeuka tena, na mtu aliyekiri badala ya Porter naye akaachiwa mwaka 2014. Ndiyo kusema hata marekebisho ya mahakama yanahitaji kurekebishwa.) Machi 1999 Ryan aliruhusu mtu mmoja auawe. Ndiye wa mwisho kuuawa na jimbo la Illinois.

Januari 31, 2000 alisimamisha utekelezaji wote wa hukumu ya kifo. Hesabu aliyoitoa ilikuwa rahisi, hata mtoto wa katekesi angeielewa: tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua watu 12, na katika muda huohuo ilikuwa imewaachia 13 kutoka safu ya kifo baada ya hukumu zao kubatilishwa. Januari 10, 2003, siku tatu kabla ya kuondoka ofisini, aliwasamehe wanaume wanne waliosema polisi wa Chicago waliwatesa hadi wakakiri. Kesho yake alibadilisha adhabu za wote waliosalia, watu 167, wengi kuwa kifungo cha maisha. Safu ya kifo ikawa tupu.

Sasa upande wa pili. Kabla ya ugavana, Ryan alikuwa Katibu wa Jimbo, ofisi ambayo huko ndiyo inayotoa leseni za udereva. Chini yake wafanyakazi waliuza leseni kwa hongo, na sehemu ya fedha ikaingia kwenye kampeni zake. Novemba 1994 kipande cha chuma kilianguka kutoka lori lililoendeshwa na dereva wa leseni ya namna hiyo, kikapasua tangi la mafuta la gari la familia moja. Madereva wengine walikuwa wamejaribu kumwonya kwa redio, naye hakuelewa Kiingereza. Mchungaji mmoja na mkewe walipoteza watoto sita kwa moto. Watoto sita. Uchunguzi ulioanzia kwenye leseni hizo uliwatia hatiani watu zaidi ya 70, na Aprili 2006 Ryan naye. Alifungwa tangu Novemba 2007 hadi 2013. Mkewe alifariki yeye akiwa bado mfungwa.

Kuna waliosema aliwaokoa wale 167 ili kujisafisha jina kabla ya kesi. Kwa hili Katekisimu inatusaidia kwa kutofautisha vyanzo vitatu vya uadilifu wa tendo: kitu kinachotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Hata kama nia ya Ryan ilikuwa chafu, na hilo Mungu ndiye ajuaye, ubaya wa nia ungemchafua Ryan mbele ya Mungu. Usingemrudisha mtu asiye na hatia kwenye chumba cha sindano ya sumu. Aliyeokolewa ameokolewa.

Ugumu zaidi naona uko kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika *Summa Theologiae*, akiuliza kama hakimu anaweza kuondoa adhabu, anajibu kwamba hakimu wa kawaida hawezi, ila mtawala mwenye mamlaka kamili anaweza, kwa masharti mawili: aliyedhulumiwa awe tayari kusamehe, na isidhuru mafao ya wengi. Sharti la kwanza Ryan hakulitimiza. Familia nyingi za waliouawa zilimsihi asifanye, nazo ziliona zimesalitiwa. Binafsi naona anajiteteza kwa njia ya Altgeld: pale ambapo mahakama haijui kwa hakika nani ana hatia, bado hatujafikia swali la kusamehe, tuko kwenye swali la haki, na haki haihitaji ruhusa ya aliyeumizwa. Lakini katika wale 167 walikuwamo pia ambao hatia yao haikuwa na shaka. Kwa hao hoja yangu inalegea, na ndugu anayepita na picha ya binti yake aliyeuawa ana haki ya kuniuliza.

Thoma anasema pia kwamba mafao ya wengi hayawezi kustawi wananchi wasipokuwa na fadhila, angalau wale wanaotawala. Aristotle kabla yake, katika *Siasa*, aliona kwamba mwananchi mwema si lazima awe mtu mwema, ila kwa mtawala bora vitu hivyo viwili hukutana. Mwenzangu mmoja darasani alisema Ryan anaikanusha hoja hiyo. Sidhani. Wale watoto sita wanaithibitisha. Ryan aliona uozo wa mahakama zilizokuwa mbali na mfuko wake, na hakuona uozo wa ofisi iliyomlipia kampeni. Fadhila pungufu inaweza kutoa tendo moja kubwa; isichoweza ni kulinda barabara kila siku.

Sheria yenyewe ilibaki vitabuni hadi Machi 9, 2011, ambayo mwaka ule iliangukia Jumatano ya Majivu. Gavana Pat Quinn, Mkatoliki, alitia saini ya kuifuta hukumu ya kifo, akawabadilishia adhabu 15 waliokuwa wamehukumiwa baada ya Ryan. Alieleza kwamba alisoma Biblia na maandishi ya Kardinali Joseph Bernardin, Askofu Mkuu wa Chicago kuanzia 1982 hadi kifo chake 1996. Bernardin ndiye aliyefundisha kwamba kutetea uhai ni kama vazi la Bwana lisilo na mshono: mtoto tumboni, maskini, mgonjwa na mfungwa hawatenganishwi. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha namba 2267 ya Katekisimu ili iseme kwamba hukumu ya kifo haikubaliki. Nchini kwetu bado imo katika sheria, na kwa kosa la kuua kwa kukusudia hakimu hana adhabu nyingine ya kuchagua.

Novemba ya mwaka uleule wa 2011, maaskofu wa Illinois, Kardinali Francis George akiwa mmoja wao, walimkemea Quinn hadharani kwa kushirikiana na kundi linalotetea utoaji mimba. Vazi lilelile, saini yake ikiwa haijatimiza hata mwaka. George Ryan alifariki nyumbani Kankakee Mei 2, 2025, akiwa na miaka 91, siku sita kabla ya moshi mweupe.